Kipimo cha Nabii: Hoja za Wakristo wa Kiinjili dhidi ya Wamormoni

Mei 2025 Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo wengi wetu tunaliita kanisa la Wamormoni, liliweka wakfu hekalu lake jijini Nairobi. Kanisa hilo lilisajiliwa Kenya mwaka 1991 na Tanzania mwaka 1992, na Kitabu cha Mormoni kizima kilitoka kwa Kiswahili mwaka 2000. Huku kusini mwa Tanzania, mkoani Lindi, halijawa na sauti kubwa. Ukristo wa Nambambo, wa mji wa Nachingwea na wa Ruangwa umelelewa na Wabenediktini wa Ndanda na Waanglikana wa Masasi, na katika miongo ya karibuni na makanisa ya Kipentekoste. Lakini maandiko ya Wamormoni sasa yanasomwa bure kwenye simu, kwa Kiswahili, na kijana wa Nambambo aliyekwenda Dar es Salaam kutafuta kazi anaweza kurudi nyumbani likizo akiwa amebatizwa upya. Ndipo mchungaji anapoulizwa: hawa ni Wakristo wenzetu au siyo? Jibu analolitoa mara nyingi limetoka Marekani, katika vitabu kama kile cha Walter Martin kuhusu ufalme wa madhehebu potofu, kilichotoka mwaka 1965. Hoja hizo zinastahili kuchambuliwa na watu wa huku wenyewe. Ukizichambua kwa makini utaona kwamba iliyo nzito kuliko zote ni ile inayouliza nabii anapimwa kwa nini, na kwamba hoja hiyo hiyo inamdai mlokole wa Tanzania deni ambalo bado hajalilipa.

Kwanza tuwatendee haki Wamormoni kwa kusema wanachokiamini. Wanafundisha kwamba baada ya mitume kufa, Kanisa la kweli lilipotea duniani pamoja na mamlaka ya ukuhani, na kwamba Mungu alilirudisha kupitia Joseph Smith, kijana wa jimbo la New York. Smith alisema alionyeshwa mabamba ya dhahabu yenye historia ya watu waliotoka Yerusalemu wakavuka bahari hadi Amerika, akayatafsiri kwa uwezo wa Mungu. Kitabu cha Mormoni kilichapishwa Machi 1830, na Aprili 6 mwaka huo huo kanisa likaundwa. Juu ya Biblia wana vitabu vingine vitatu vitakatifu: Kitabu cha Mormoni, Mafundisho na Maagano, na Lulu ya Thamani Kuu. Na wana nabii aliye hai, ambaye ndiye rais wa kanisa. Dai lote, basi, limesimama juu ya mtu mmoja: kama Smith alikuwa nabii, makanisa mengine yote yana upungufu mkubwa; kama hakuwa, hekalu la Nairobi limejengwa juu ya jambo lisilokuwepo. Wamormoni wenyewe hawalikimbii swali hilo, na hilo ni la kuwasifu.

Hoja za kiinjili ni za aina mbili, na kosa la wahubiri wengi ni kuzichanganya. Ya kwanza ni ya mafundisho. Imani ya Nikea, iliyokubaliwa mwaka 325, inamkiri Mungu mmoja, na Mwana aliye wa asili moja na Baba. Wamormoni wanafundisha kwamba Baba, Mwana na Roho Mtakatifu ni nafsi tatu zilizo mbalimbali kabisa, zenye umoja wa nia na kusudi, na kwamba Baba ana mwili unaogusika. Katika hotuba ya Aprili 1844, miezi michache kabla ya kuuawa gerezani Carthage, Illinois, Smith alifundisha kwamba Mungu mwenyewe aliwahi kuwa kama sisi, na kwamba binadamu anaweza kupanda hadi kufanana naye. Hapa Mkristo wa Lindi ana sababu ya kusikia uzito ambao Mmarekani hausikii. Tangu mihadhara ya miaka ya 1980 na 1990, wahubiri wa Kiislamu walipokuwa wakisimama uwanjani na Biblia mkononi wakisema Wakristo wanaabudu miungu watatu, Wakristo wa mkoa huu, wanaoishi nyumba kwa nyumba na Waislamu, wameshinda wakijibu: hapana, tunaabudu Mungu mmoja. Mtu aliyejibu hivyo kwa miaka arobaini mbele ya shemeji zake na majirani zake hawezi kulipokea fundisho la Smith kama tofauti ndogo ya madhehebu. Linaondoa neno lenyewe alilokuwa akilitetea.

Wala si walokole peke yao wanaosema hivyo. Juni 2001 Vatikani ilitamka kwamba ubatizo wa Wamormoni si halali kwa Kanisa Katoliki, ingawa maneno yanayotamkwa majini yanawataja Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Mmormoni anayejiunga na Ukatoliki jimboni Lindi hubatizwa upya, wakati Mwanglikana au Mlutheri habatizwi tena. Wamormoni hujibu kwamba jina la Yesu Kristo limo katika jina la kanisa lao, na kwamba mitume hawakuijua Nikea. Jibu hilo lina ukweli nusu. Wanampenda Yesu, wanaomba kwa jina lake, na ni upotoshaji kuwaita wapagani. Lakini hoja ya mafundisho haiulizi wanampenda nani; inauliza wanasema yeye ni nani. Yatosha kusema kwamba dini yao imezaliwa katika Ukristo lakini imevuka mpaka ambao Wakatoliki, Waorthodoksi na Waprotestanti wote wanaukubali. Isitoshe, hoja hii inamfaa tu yule ambaye tayari anaikubali Nikea. Kwa anayeikataa haithibitishi chochote.

Hoja ya pili, ya historia, haina udhaifu huo, kwa kuwa ushahidi wake unaweza kukaguliwa na mtu wa dini yoyote. Mfano ulio wazi kuliko yote ni Kitabu cha Ibrahimu, kilichomo ndani ya Lulu ya Thamani Kuu. Mwaka 1835, huko Kirtland, Ohio, mfanyabiashara aliyeitwa Michael Chandler alifika na maiti za Kimisri zilizokaushwa pamoja na magombo ya mafunjo. Smith na wenzake walizinunua kwa dola 2,400, naye akasema kwamba gombo mojawapo lilikuwa na maandishi ya Ibrahimu. Alichapisha tafsiri mwaka 1842, pamoja na picha alizozifafanua, na mwaka 1880 kanisa likaikubali kuwa andiko takatifu. Mafunjo yenyewe yalidhaniwa kuwa yameteketea kwa moto. Mwaka 1967 vipande kadhaa, kikiwemo chenye mchoro wa asili wa picha ya kwanza ya kitabu hicho, vilivyokuwa katika jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, vilikabidhiwa kwa kanisa. Wataalamu wa maandishi ya Kimisri, wakiwemo Wamormoni, wamevisoma. Ni maandiko ya mazishi, yakiwemo ya kuhani aliyeitwa Hori, ya takriban karne ya pili kabla ya Kristo, zaidi ya miaka elfu moja na nusu baada ya wakati ambao Ibrahimu huwekwa. Hamna humo habari yoyote ya Ibrahimu, na makala iliyotolewa na kanisa lenyewe mwaka 2014 inakiri hivyo. Watetezi wanasema huenda sehemu iliyopotea ndiyo iliyokuwa na Ibrahimu, au kwamba mafunjo yalimchochea tu Smith apokee ufunuo. Jibu la kwanza haliwezi kupimwa. La pili linaacha dai la Smith mwenyewe, aliyesema kwamba alitafsiri. Na picha ambazo tunazo, pamoja na fafanuzi zake, hazilingani na usomaji wa mtaalamu yeyote asiye mtetezi wa kanisa hilo.

Kitabu cha Mormoni chenyewe kinabanwa kwa njia nyingine. Kinataja farasi, chuma cha pua na ngano katika Amerika ya kale, vitu ambavyo akiolojia haijavikuta huko katika nyakati hizo. Hakuna mji wa Wanefi, watu ambao kitabu hicho kinawasimulia, uliotambuliwa, wala maandishi yao. Utangulizi wa mwaka 1981 ulisema Walamani, watu wengine wa kitabu hicho, ndio wahenga wakuu wa Wahindi wa Amerika; baada ya uchunguzi wa vinasaba kuonyesha kwamba watu hao asili yao ni Asia, maneno yalibadilishwa mwaka 2006 yakawa kwamba Walamani ni miongoni mwa wahenga wao. Mmormoni mwerevu atauliza: je, akiolojia imethibitisha kila kitu katika Kutoka na Yoshua? Haijathibitisha, na mlokole anayedai kwamba imethibitisha anajidanganya. Ila Yerusalemu ipo, Ninawi ipo, mfereji wa Hezekia unapitika kwa miguu hadi leo. Kubishana kuhusu ukubwa wa tukio ni jambo moja. Kukosa hata mahali pa kuanzia mabishano ni jambo jingine.

Jambo linalomgusa kwa karibu zaidi msomaji aliyezoea mihadhara ni namna Smith alivyoitendea Biblia. Aliirekebisha bila kutumia nakala ya kale, na katika Mwanzo sura ya 50 aliongeza utabiri wa mwonaji atakayekuja, jina lake Yusufu, na jina la baba yake pia Yusufu. Baba yake Smith aliitwa Joseph. Hakuna nakala ya Kiebrania wala ya Kigiriki yenye maneno hayo. Wakristo wa huku, wanapoambiwa kwamba Biblia imechezewa, hujibu kwa kutaja magombo ya Bahari ya Chumvi yaliyoanza kupatikana mwaka 1947, yanayoonyesha jinsi Isaya alivyonakiliwa kwa uangalifu kwa zaidi ya miaka elfu moja. Jibu hilo hilo linamfunga Smith, na ni vizuri wanaolitumia kwa Mwislamu walijue hilo.

Kuhusu mitala nitapita haraka, maana kuoa wake wengi hakumshangazi mtu wa pwani ya Afrika Mashariki. Kinachosumbua ni namna ilivyofanyika: kanisa lilikiri mwaka 2014 kwamba Smith alifungishwa ndoa na wanawake kati ya 30 na 40, mmoja akiwa bado hajatimiza miaka 15, na wengine wakiwa na waume walio hai, huku hadharani akikana. Tangazo la kuacha mitala lilikuja mwaka 1890, chini ya shinikizo la serikali ya Marekani.

Suala la ngozi ndilo ambalo Mwafrika hana ruhusa ya kupita haraka. Mwaka 1836 mtu mweusi aliyeitwa Elijah Abel alipewa ukuhani wa Kimormoni. Lakini mwaka 1852 Brigham Young, nabii wa pili, alitangaza kwamba watu wa asili ya Afrika hawataupata, akiwahesabu kuwa uzao wa Kaini. Katazo likadumu hadi Juni 1978. Katika miaka hiyo yote mwanamume mweusi hakuweza kuongoza ibada, na yeye na mke wake hawakuweza kuingia hekaluni kufungiwa ndoa ya milele, ambayo kwa mafundisho yao ndiyo mlango wa utukufu wa juu kabisa. Weka hilo kando ya historia ya kusini mwa Tanzania. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliwaongoza watu waliokombolewa utumwani kutoka Zanzibar hadi Masasi. Cecil Majaliwa, Myao aliyekombolewa utotoni, alipadirishwa mwaka 1890 akatumikia Chitangali, upande wa Newala. Basi mzee wa karne ya kumi na tisa katika nyanda hizi alipokea komunyo mikononi mwa padri mweusi aliyewahi kuwa mtumwa, miaka 88 kabla ya nabii wa Wamormoni kuona kwamba Mwafrika anafaa.

Mpinzani ataruka hapa, na ana haki. Waingereza hao hao wa misheni walimwacha Majaliwa afanye kazi kama askofu bila kumpa uaskofu, na dayosisi ya Masasi, iliyoanza mwaka 1926, haikupata askofu Mwafrika hadi Hilary Chisonga mwaka 1968. Wabaptisti wa Kusini mwa Marekani, ambao ni nguzo ya uinjili, walijitenga mwaka 1845 kwa sababu ya utumwa, wakaomba radhi mwaka 1995 tu. Mlokole anayemnyooshea Mmormoni kidole kwa ubaguzi wa rangi huku akinyamazia habari hizi hana haki ya kusikilizwa. Hata hivyo kuna tofauti moja, nayo haihusu wingi wa dhambi. Wabaptisti waliweza kusema baba zetu walikosea, maana hawakudai kwamba baba zao walikuwa manabii. Urais wa Kwanza, yaani uongozi wa juu kabisa wa Wamormoni, ulitamka mwaka 1949 kwamba katazo ni amri ya moja kwa moja ya Bwana. Desemba 2013 kanisa lilitoa makala ikizikana nadharia zote zilizolieleza katazo, habari za Kaini na laana ya ngozi zikiwemo, lakini haikusema waziwazi kwamba katazo lenyewe lilikuwa kosa. Kwa nini? Kwa sababu kusema hivyo ni kukiri kwamba manabii kadhaa mfululizo, kwa miaka 126, walisema Bwana amesema wakati hakusema. Hapa hoja ya historia na hoja ya imani zinakutana, na sioni jinsi Mmormoni Mwafrika anavyoweza kuikwepa. Ni kweli kwamba huko Nigeria na Ghana watu kama Anthony Obinna na Joseph William Billy Johnson walikipokea Kitabu cha Mormoni na kukihubiri kabla ya 1978, bila kuitwa na mtu. Imani yao ni ya kuheshimiwa. Lakini uvumilivu wa aliyefungiwa mlango hauhalalishi kufungwa kwa mlango.

Mmormoni ana jibu la mwisho ambalo kwake linazidi yote: omba, na Roho atakushuhudia moyoni. Mwaliko huo umo mwishoni mwa Kitabu cha Mormoni. Mkosoaji wa kiinjili husema hisia ya moyoni si ushahidi, kwamba hata Mwislamu na Mhindu huwa nayo. Ni kweli. Lakini uamsho wa Afrika Mashariki, uliotoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 ukaenea hadi kwetu, umesimama juu ya ushuhuda wa moyoni. Mlokole akiulizwa anajuaje kwamba ameokoka, mara nyingi haanzi na magombo ya Bahari ya Chumvi. Anaanza na siku aliyolia mbele za Bwana. Akitaka kuikataa hoja ya moyo kwa Mmormoni, aseme wazi kwamba hata ushuhuda wake una thamani pale tu unapoambatana na jambo lililotukia na linaloweza kuulizwa. Ndivyo Paulo alivyofanya kwa Wakorintho, alipotaja mashahidi wa ufufuo na kusema kwamba wengi wao bado wako hai. Kadhalika hoja ya matunda: familia zilizotulia, watu wasiogusa pombe wala tumbaku kwa ajili ya agizo lao liitwalo Neno la Hekima, la mwaka 1833. Matunda hayo ni ya kweli, na kijiji chochote kingeyatamani. Yanatuambia habari za waumini. Hayatuambii kilichoandikwa katika mafunjo ya Hori.

Ukosoaji mbaya nao upo, na umewaumiza watu. Filamu ya mwaka 1982 iliyoitwa The God Makers ilichanganya ukweli na uvumi hadi wakosoaji waaminifu wakaikemea. Huku kwetu uvumi huo umevaa nguo ya Frimasoni: hekalu ni la siri, kwa hiyo ni la shetani. Ni kweli kwamba Smith alijiunga na Frimasoni mwaka 1842, na kwamba ibada za hekaluni alizozianzisha miezi miwili baadaye zinafanana nazo kwa namna fulani. Kutoka hapo hadi madai ya kumwaga damu za watu ni uongo mtupu. Kenya iliunda tume nzima mwaka 1994, chini ya Askofu Mkuu Nicodemus Kirima, kuchunguza ibada za shetani, jambo linaloonyesha jinsi minong'ono ya namna hiyo inavyoweza kupanda hadi ofisi za juu. Mkristo anayeisambaza anavunja amri ya tisa akidhani anamtumikia Mungu.

Mfano mwema anao mkosoaji Jerald Tanner, ambaye pamoja na mkewe Sandra alitumia maisha yake kuchapisha nyaraka za Wamormoni huko Utah. Katika miaka ya 1980 Mark Hofmann alitokeza barua iliyodaiwa kuwa ya mwaka 1830, yenye habari za uchawi katika kupatikana kwa mabamba. Ilikuwa zawadi kwa mkosoaji yeyote. Tanner aliitilia shaka na kusema hivyo hadharani mwaka 1984, wakati wataalamu wengi bado waliiamini. Mwaka uliofuata Hofmann aliua watu wawili kwa mabomu ili kuficha udanganyifu wake, na mwaka 1987 akakiri makosa. Tanner aliukataa ushahidi uliomfaa yeye mwenyewe. Huo ndio uaminifu unaompa mtu haki ya kuhukumu madai ya mwingine.

Tukiuchukua uaminifu huo hadi nyumbani, deni nililolitaja linaonekana. Kumbukumbu la Torati 18 inaagiza nabii apimwe kwa kutimia kwa maneno yake, na Wagalatia 1 inaonya juu ya injili nyingine hata ikiletwa na malaika. Walokole huvisoma vifungu hivi dhidi ya Smith kwa usahihi. Lakini mwaka 2011 mchungaji mstaafu wa Kilutheri kule Loliondo alisema ameoteshwa na Mungu dawa ya kikombe, na maelfu kwa maelfu, wachungaji na viongozi wa serikali wakiwemo, walisafiri kwenda kunywa bila kuuliza ndoto hiyo inapimwaje. Februari 2020 watu 20 walikufa Moshi wakikanyagana kuyafikia mafuta ya upako. Mwaka 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa Shakahola, Kenya, ya watu waliomwamini mhubiri hadi kufunga kukawaua. Hakuna Mmormoni katika habari hizi. Hata fedha: Aprili 2018 rais wa Wamormoni, Russell Nelson, aliwaambia waumini Nairobi waachane na mahari na watoe zaka, akisema zaka huvunja mzunguko wa umaskini. Wakosoaji walishtuka, lakini ahadi ya baraka kwa anayetoa husikika kila Jumapili katika mahema ya mitume na manabii wetu wenyewe, tena kwa sauti kubwa zaidi. Na tusisahau kwamba kanisa la Wamormoni lilichapisha nyaraka za Smith, zenye kumwaibisha na zisizomwaibisha, kuanzia 2008 hadi 2023. Nabii gani wa Tanzania amefungua hata daftari la sadaka?

Kwa hiyo mchungaji wa Nachingwea au Ruangwa anayetaka kuwafundisha vijana wake kuhusu Wamormoni na afanye hivyo, kwa nyaraka, si kwa minong'ono, akianza na mafunjo ya mwaka 1967 na tamko la 1949, na akimwita Mmormoni kwa jina la heshima. Kisha Jumapili inayofuata, mbele ya vijana hao hao, amuulize maswali yale yale nabii ambaye mabango yake yamebandikwa stendi: ulisema nini, kimetimia, nani anaruhusiwa kukukagua, na fedha zinakwenda wapi?